Kutoka Resolute Hata Grise Fiord: Mwendo na Saa

Kaskazini kabisa mwa Kanada vipo vijiji viwili vya Wainuit. Kimoja ni Resolute, katika kisiwa cha Cornwallis. Cha pili ni Grise Fiord, katika kisiwa cha Ellesmere. Mwaka 1953 Serikali ya Kanada ilihamishia jamaa kadhaa za Wainuit katika visiwa hivyo, kutoka kaskazini mwa Quebec. Na mwaka 2010 iliwaomba radhi kwa taabu walizozipata. Mwaka 2021 Grise Fiord ilikuwa na watu 144 tu. Hakuna barabara iunganishayo vijiji hivyo, na meli za shehena hufika wakati wa kiangazi tu, barafu ya bahari inapoyeyuka. Kwa hiyo tegemeo lao kubwa ni ndege.

Je, mwendo huo ni wa umbali gani? Mtu akitazama ramani bapa ya ukutani atadanganyika, kwa maana ramani hiyo hutanua nchi zilizo karibu na ncha ya dunia. Resolute na Grise Fiord zimeachana kwa digrii 12 hivi za longitudo. Katika Ikweta, ipitayo karibu na Nanyuki, digrii moja ni kilomita 111, basi digrii 12 zingekuwa zaidi ya kilomita 1,300. Lakini mistari ya longitudo hukaribiana kadiri iendavyo nchani, kama vipande vya chungwa vikutanavyo kwenye kikonyo. Huko Aktiki digrii moja ni kilomita 28 tu, na digrii 12 ni kilomita 336. Tena Grise Fiord iko kaskazini zaidi kwa kilomita 190. Kwa kanuni ya pembetatu yenye pembe mraba, mwendo wa moja kwa moja ni kilomita 385 hivi, yaani kama maili 240.

Ndege itumikayo huko ni Twin Otter, yenye injini mbili, iwezayo kutua katika kiwanja kifupi cha kokoto. Ikienda kilomita 270 kwa saa, na hewa ikiwa shwari, itafika kwa muda wa saa 1 na dakika 26. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukiikabili, mwendo wake juu ya nchi hupungua kuwa kilomita 220, na safari huwa ya saa 1 na dakika 45.

Dakika hizo si kitu kidogo. Milima imekizunguka kiwanja cha Grise Fiord, na ukungu waweza kukifunga ghafula. Rubani mwenye busara huchukua mafuta ya kwenda, ya kurudi, na akiba juu yake. Tena kijiji hakina hospitali. Mgonjwa mahututi hupelekwa Iqaluit, na kutoka Resolute hata Iqaluit ni zaidi ya kilomita 1,500. Kwa mgonjwa kama huyo, hesabu ya upepo na mafuta ni hesabu ya uhai.

Msomaji na ajaribu mwenyewe: upepo ule ule ukivuma kutoka nyuma, safari itachukua muda gani? Jibu ni saa 1 na dakika 12.