Mwenyekiti wa Jumuiya Hawezi Kukufukuza Kanisani

Mshauri, nauza vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo. Mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni Mwislamu, na tulifunga ndoa bomani. Juzi mwenyekiti wa jumuiya yetu alinitangaza mbele ya wote kuwa mimi si mwenzao tena, na kwamba mtoto wangu hatabatizwa. Wenzangu wa sokoni wananiita kwenye kanisa lao la kilokole. Nihame?
Mama wa Vitenge, Kariakoo

Mwanangu, kwanza ujue kwamba hujafukuzwa. Kutengwa ni adhabu, na makosa yanayoileta yametajwa katika Sheria za Kanisa za 1983; muumini wa kawaida kuolewa bomani na mtu wa dini nyingine hakumo. Kinachokuzuia kupokea Komunyo ni kwamba Kanisa halijaitambua ndoa yenu, na hilo lina dawa. Misa bado ni yako, na sala za jumuiya bado ni zako. Dar es Salaam hii imewahi kuona watu wakiwekwa pembeni kweli: Padri Felician Nkwera na huduma yake ya maombezi walipogongana na Kanisa, wafuasi wake wakanyimwa sakramenti. Lakini waliotamka walikuwa maaskofu, tena hadharani. Wewe umehukumiwa sebuleni kwa mtu. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo mwaka 1976, walitaka majirani wasali pamoja na kubebana katika shida. Kiti cha hakimu hawakuziwekea.

Mwenyekiti atajibu kwamba paroko hawezi kumjua kila mtu katika mji uliojaa hivi, kwa hiyo neno la jumuiya ndilo linalomwongoza. Ni kweli, na kazi hiyo naiheshimu. Lakini kutoa ushahidi si kutoa hukumu. Kuhusu mtoto, sheria inataka mzazi mmoja walau aridhie na pawepo tumaini la kweli kwamba atalelewa Kikatoliki. Cheti cha ndoa ya wazazi hakikutajwa. Hata kuhusu mazishi ya Kanisa, ambayo hofu ya kuyakosa najua inawakosesha wengi usingizi, penye shaka sheria inaelekeza aulizwe askofu. Wapo watakaosema Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya bomani, hivyo Kanisa nalo lilazimike kuikubali. Hapo siwezi kukudanganya. Ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Serikali imekupa ndoa halali, ila haiwezi kukupa Komunyo.

Ibara hiyohiyo inakupa uhuru wa kubadili dini au imani, na ukihama hakuna wa kukushtaki. Hata hivyo, katika barua yako sijaona mahali uliposema umeacha kuamini unachokiamini. Nimeona mwanamke aliyeaibishwa mbele ya majirani, na aibu hiyo inauma, lakini si sababu ya kutosha ya kubadili kanisa. Uliza pia huko unakoitwa: wachungaji wengi wa kilokole nao watataka kujua habari za mume asiyeokoka. Ukikimbia swali hili Kariakoo, utalikuta limekutangulia.

Dawa ndiyo hii. Chukua cheti chako cha ubatizo na cha ndoa, nenda kwa paroko mwenyewe, uombe ndoa yenu ibarikiwe. Kwa ndoa ya Mkatoliki na Mwislamu askofu anaweza kutoa ruhusa, na mume halazimiki kubatizwa. Wewe utaahidi kulinda imani yako na kufanya kila uwezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki; yeye ataelezwa ahadi hiyo, kwa hiyo zungumza naye nyumbani kabla hajaisikia ofisini. Asipotaka kusimama mbele ya padri, bado ipo njia ya askofu kuihalalisha ndoa bila kurudia viapo, mradi wote wawili bado mnaitaka ndoa yenu. Mwombe paroko pia aseme wazi kwa jumuiya kwamba wewe ni muumini wa parokia hiyo. Akikataa, dai akupe sababu kwa maandishi, kisha upeleke barua hiyo kwenye ofisi ya Askofu Mkuu. Mpaka hapo, Jumapili ijayo nenda misani na mtoto wako, ukae benchi lolote utakalo.