Binti yangu yuko fomu siksi, mimi niliishia darasa la saba



*Mimi ni fundi seremala hapa Korogwe, msomaji wa safu yako. Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha sita, shule ya bweni, tahasusi ya PCB, na mtihani wake wa mwisho ni Mei. Amekuja likizo hii ya Desemba na ripoti: Baiolojia C, Kemia E, Fizikia S. Mwalimu wake wa darasa ameandika divisheni three ya pointi 14. Tangu akiwa mdogo anasema atakuwa daktari.*

*Mimi na mama yake tuliishia darasa la saba. Nikifungua madaftari yake siambulii kitu. Ninachoweza ni kumwamsha saa tisa usiku asome, na mchana akishamaliza kazi za nyumbani namwambia akae mezani mpaka jioni. Wadogo zake wawili wa kiume nimewakataza kumsumbua. Anakaa, lakini mama yake anasema anasinzia, na juzi alimkuta analia.*

*Jirani ameniambia kuna kambi ya tuisheni Dar, mwezi mzima. Nikiuza mashine yangu ya kuranda, ada ya kambi inapatikana. Halafu kuna kijana wa stendi anasema mtihani wenyewe ataupata kwenye simu, nimpe shilingi 50,000. Huyo sikumkubalia, ila sikumkatalia pia. Mwalimu, mzazi ambaye hakusoma anamsaidiaje mtoto kuingia chuo kikuu?*

*Fundi, Korogwe*

Fundi, mashine usiiuze. Nimeanza na hilo nikihofia mnunuzi asije akakufikia kabla ya gazeti.

Tuisome ripoti kwanza, maana naona imekutisha mahali pasipostahili. Hizo pointi 14 ni hesabu ya divisheni, ambamo A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya tahasusi: Baiolojia 3, Kemia 5, Fizikia 6. Divisheni three ni kuanzia 13 hadi 17, na katika hesabu hii mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Vyuo vikuu vinatumia hesabu nyingine, ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, nayo inakwenda kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Wazazi wengi huzichanganya hizi mbili, wakalia wasipopaswa kulia au wakashangilia mapema. Ili mtu aombe shahada ya kwanza kwa matokeo ya kidato cha sita, kiwango cha chini ni prinsipo mbili, yaani gredi za A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 katika masomo mawili ambayo kozi inayataka. Binti yako ana C na E. Tatu na moja, nne. Kwa ripoti hii hii tayari amefika kizingitini.

Udaktari ndio ulio mbali. Kozi ile inataka prinsipo katika Fizikia, Kemia na Baiolojia zote, pamoja na gredi za juu kuliko hizi, na waombaji ni wengi mno. S si prinsipo. Lakini angalia alama zenyewe: S ni 35 hadi 39, E inaanzia 40, D inaanzia 50, C inaanzia 60. Kwa hiyo unajua nguvu ziende wapi kati ya sasa na Mei. Fizikia itoke kwenye S, Kemia ipande kutoka E, Baiolojia isiachwe ikashuka.

Sasa swali lako lenyewe. Nimefundisha vijana wa kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, na wengi wa PCB walioanguka mikononi mwangu walikuwa wamesoma sana. Walikesha. Tatizo ni namna walivyosoma: walipitisha macho juu ya madesa mara tano, mara sita, mpaka kila mstari ukawa kama rafiki wa zamani, wakaamini wanaujua. Mtihani haukuulizi kama unaukumbuka mstari ukiuona. Unakupa karatasi tupu na saa tatu. Wewe karakanani kwako hujamfundisha kijana kuranda kwa kumkalisha mwaka mzima akikutazama. Unampa ubao anauharibu, unamwonyesha alipokosea, unampa mwingine. Binti yako anatakiwa aharibu karatasi nyingi kabla ya Mei, na kumsimamia katika hilo hakuhitaji uwe umesoma.

Kila jioni baada ya chakula, mwambie akueleze jambo moja alilosoma siku hiyo, kwa Kiswahili, mpaka wewe uelewe. Muulize unavyomuuliza mteja anayeagiza kabati asilolijua: hiki kazi yake nini, kisipokuwepo inakuwaje, kwa nini huku na si kule. Akisema figo huchuja damu, muulize figo inajuaje cha kutupa na cha kurudisha. Ukielewa, ujue mada ile anayo. Akianza kukumwagia maneno ya Kiingereza moja baada ya jingine na hawezi kukuambia maana yake, hapo pana shimo, na yeye mwenyewe atalihisi kabla yako. Mimi kama mwalimu wake ningemharibia zoezi hili: ningesikia nusu ya jibu na kumalizia nusu iliyobaki kichwani mwangu, kisha nikampa vema. Wewe huna cha kumalizia, kwa hiyo hatakudanganya wala hatajidanganya mbele yako.

Usiishie hapo, maana mtihani hauji kwa Kiswahili. Akishakueleza, aandike lile lile kwa Kiingereza, kwa kalamu, daftari likiwa limefungwa. Aya moja inatosha. Nimesahihisha majibu ya vijana walioielewa mada vizuri kabisa, wakapoteza alama kwa sababu sentensi waliyoiandika ilisema kinyume cha walichokusudia. Ugonjwa huu unatibika kwa kuandika kila siku, na sijaona unaotibika kwa njia nyingine.

Halafu nenda mjini kwa mwenye stationari. Baraza la Mitihani, NECTA, huweka kwenye tovuti yake mitihani ya miaka iliyopita na fomati ya kila somo. Huweka pia kitu cha tatu ambacho wazazi wengi hawajawahi kukisikia, na zipo shule ambazo hazikifungui: taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ni kitabu kizima kwa kila somo, na hakilipiwi. Kinapita swali kwa swali, kinasema watahiniwa walifanya vipi, walikosea wapi na kwa sababu gani, na ndani yake zimo picha za majibu yaliyoandikwa kwa mkono, mazuri na mabaya. Natamani kila mwanafunzi wa kidato cha sita nchini angekuwa nacho mkononi. Mwambie mwenye duka akuchapishie cha Fizikia na cha Kemia, vya miaka mitatu hivi, pamoja na mitihani yenyewe. Utalipa karatasi na wino tu.

Mara mbili kwa wiki afanye karatasi nzima, na msimamizi ni wewe. Simu yake ikae kwako, na yako uizime. Andika saa ya kuanza. Saa tatu zikiisha, kalamu chini, hata kama yuko katikati ya sentensi. Usiku huo asiiguse tena. Kesho yake aisahihishe mwenyewe akiwa na ule uchambuzi pembeni, kisha akae nawe akuonyeshe kila alama ilipotelea wapi. Hakujua? Alijua akakosea hesabu? Hakulielewa swali? Muda ulimwishia? Ayaandike yote kwenye daftari moja la makosa. Baada ya karatasi ya nne au ya tano makosa yataanza kujirudia, na orodha hiyo ndiyo ratiba yake ya kusoma, bora kuliko yoyote atakayoinakili kwa mwenzake.

Maabara huna, najua, na karatasi za vitendo atazifanyia mazoezi shuleni. Hata hivyo sehemu kubwa ya vitendo vya Fizikia ni kupanga jedwali, kuchagua skeli, kuchora grafu na kutafuta mteremko wake, na hayo yanawezekana mezani kwako kwa rula na karatasi ya grafu. Jicho lako linalogundua milimita moja iliyopinda litamkagua vizuri.

Tuisheni siipingi. Kama hapo Korogwe yuko mwalimu mzuri wa Fizikia anayeweza kukaa naye saa mbili kwa wiki, kwa zile mada ambazo daftari la makosa limezitaja, mlipe. Kambi ya ukumbi uliojaa watu atakwenda kusikiliza tena, na kusikiliza amekwisha kusikiliza.

Saa tisa usiku mwache alale. Usingizini ndipo ubongo unapoyashikiza yaliyosomwa mchana. Ukimkatia usingizi unamkatia kumbukumbu. Saa nne usiku awe kitandani, saa kumi na moja alfajiri aamke ukitaka.

Na sasa nikwambie lililonikaa rohoni zaidi katika barua yako. Umeandika "akishamaliza kazi za nyumbani". Kazi zipi, Fundi? Kama ni kuteka maji, kufua, kupika na kuosha vyombo, basi anafika mezani mwili umeshakwisha, na wewe unaona uvivu. Umesema wadogo zake wa kiume umewakataza kumsumbua. Wape ndoo. Nimeona nyumba nyingi ambamo mvulana wa kidato cha sita akirudi likizo watu hunyata ili asome, na msichana wa kidato hicho hicho akirudi, nyumba imepata msaidizi. Simlaumu mama yake, mzigo alio nao naujua. Kaa naye mpange upya, likizo hii tu kama hamuwezi zaidi. Asubuhi yote iwe ya binti.

Kile kilio, mama yake amuulize siku ambayo ripoti haijatajwa kabisa. Yawezekana ni uchovu. Yawezekana anaogopa kuwa asipokuwa daktari amewaangusha. Mwambieni mapema, kabla ya mtihani, kwamba njia ni zaidi ya moja: uuguzi, maabara, kilimo, mifugo. Ipo pia stashahada ya utabibu katika vyuo vya afya, inayopokea waliofaulu sayansi kidato cha nne, na aliyeimaliza vizuri anaweza kuja kuomba udaktari baadaye. Mtoto anayejua kwamba baba yake ameziona njia hizo na hajanuna huingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na pumzi.

Kijana wa stendi mkatalie leo, kwa maneno yanayosikika. Karatasi ikiwa feki, umetapeliwa, na binti amepoteza usiku kukariri maswali yasiyokuja. Ikiwa ya kweli ni balaa kubwa zaidi, kwani Baraza lina mamlaka ya kufuta matokeo yote ya mtahiniwa na huyatumia, na miaka yake miwili inakwenda na maji. Tena siku utakayomkabidhi hiyo simu utakuwa umemwambia kwamba humwamini kuwa anaweza.

Limebaki moja ambalo mwalimu hawezi kukufanyia. Baada ya Mei anaweza kuitwa kwenye mafunzo ya JKT, na maombi ya mkopo wa Bodi, HESLB, yakafunguliwa akiwa kambini. Karatasi zianze kutafutwa sasa. Toa cheti chake cha kuzaliwa, ulinganishe jina na la cheti cha kidato cha nne herufi kwa herufi. Pakiwa na tofauti anza kuishughulikia Januari, maana marekebisho huchukua muda. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA. Mpate mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa, na mjue ofisi ya serikali ya mtaa inafungua siku gani kwa ajili ya mhuri. Vyote viwe kwenye bahasha moja, na nakala zake nyumba nyingine.

Matokeo hutoka Julai. Yakitoka niandikie gredi zake zote tatu, tuangalie kozi za kuomba kabla dirisha la kwanza la maombi halijafungwa.