Picha ya Pili ya Matiti na Deni Lake

Bibi mmoja, mzaliwa wa Bukavu aliyehamia Marekani, ametuandikia kwamba alikwenda kupigwa picha ya matiti kama ilivyo ada yake, akaitwa tena kwa kuwa upande wa kushoto haukuonekana vyema, akapigwa picha nyingine na kupimwa kwa altrasaundi, akaambiwa hana kitu; kisha ikamfikia hati ya madai ambayo mstari wake wa kwanza ni sufuri na wa pili ni mamia ya dola. "Nimeonekana mzima," auliza, "mbona nadaiwa kama mgonjwa?"

Naam, mtego ndio huo. Sharia ya bima ya mwaka 2010 huzilazimisha bima nyingi kumlipia mwanamke aliyetimiza miaka 40 picha ya uchunguzi pasipo kumtoza senti. Lakini ile ya pili, ijapokuwa imezaliwa na ya kwanza, hospitali huiandika kuwa ni kipimo cha maradhi, na kwa kalamu hiyo moja mwenye bima hurudishwa kwenye kile kiasi anachotakiwa kujilipia kwanza kabla kampuni haijafungua mfuko wake. Ni kumkaribisha mgeni bure, kisha kumtoza ada ya kutokea.

Mwishoni mwa 2024 serikali ya Marekani iliizingatia dhulma hii, ikaamuru kwamba, kwa bima zilizo chini ya sharia hiyo ambazo mwaka wake waanza 2026 au baadaye, picha za ziada, altrasaundi, MRI, hata kupimwa kwa kinyama kilichokatwa, madhali zahitajika ili kuutimiza uchunguzi ulioanzwa, zisitozwe. Basi tazama kwanza tarehe ambayo mwaka wa bima yako huanza, maana si lazima uanze Januari. Na ikiwa umo ndani ya amri hii, usiwasikilize makarani wa simu wenye wimbo wa "lipa kwanza, tutatazama baadaye", ambao wajua fika kwamba aliyekwisha lipa hachelewi kuchoka. Itake hospitali isahihishe maandishi yake, nawe udai mkalimani wa Kiswahili, ambaye hospitali ipokeayo fedha za serikali yapasa kukupa bure. Kampuni ikishikilia kukataa, una siku 180 za kukata rufaa kwake, na ukishindwa huko, miezi minne ya kumwendea mwamuzi wa nje.

Hata hivyo amri yenyewe ina kasoro isiyosameheka. Mwanamke aliyejipapasa akakuta uvimbe, huyo aliye na haja kuliko wote, haimfikii, kwa hoja kwamba safari yake haikuanzia kwenye uchunguzi! Majimbo kadhaa, Illinois na Texas miongoni mwao, yamepitisha sharia za kumhifadhi. Lakini sharia ya jimbo haina nguvu juu ya mwajiri anayelipa madai ya wafanyakazi kwa fedha zake mwenyewe, jambo ambalo waajiri wakubwa wengi hulifanya, ilhali kadi hubeba jina la kampuni ya bima. Kwa hiyo mwenye uvimbe asichelewe kwenda kupimwa, na aiulize ofisi ya kazini kwake, kwa maandishi, ni nani hasa alipaye madai.