Kiwiliwili cha Balsa: Pima Kabla ya Kukata

Barua nyingi msimu huu zinahusu mfano wa Dornier Do 27, ile ndege ya milia ambayo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958. Ndege halisi ina mabawa ya mita 12 na urefu wa mita 9.6. Kwa kipimo cha 1:8 unapata mabawa ya mita 1.5 na kiwiliwili cha mita 1.2. Nimechagua maswali yanayoniudhi na yanayonitia hofu. Namna ya kusoma ramani na kushika kisu sitaeleza.

Mkia wangu umekuwa mzito. Niweke risasi kiasi gani puani?

Barua sita, kosa moja. Risasi hiyo ni faini ya kosa mlilofanya siku mliponunua mbao. Mmeaminishwa kwamba balsa nzito ndiyo imara, mkaitumia kuanzia puani hadi mkiani.

Chukueni mizani ya jikoni. Ubao wa milimita 3 kwa 100 kwa 1,000 una sentimita za ujazo 300. Ukiwa wa balsa laini, una gramu 30 hivi. Ukiwa wa balsa ngumu, hufika gramu 75. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Sasa linganisheni mbao mbili zenye uzito sawa: moja nyepesi yenye unene wa milimita 3, nyingine nzito maradufu yenye unene wa milimita 1.5. Unene ukiongezeka mara mbili, ubao hukataa kupinda mara nane zaidi. Ule mwembamba hujitetea kwa ugumu wa mti wake, lakini ugumu huo ni takribani mara mbili tu. Kwa hiyo ubao mnene na mwepesi hushinda mara nne, bila kuongeza gramu hata moja. Hiyo ndiyo hesabu ambayo wauza uvumi hawaifanyi.

Tena kuna mkono wa mizani. Katika ndege hii mkia uko kama sentimita 70 nyuma ya kitovu cha uzito, na betri yaweza kukaa kama sentimita 25 mbele yake. Gramu 10 za ziada mkiani zinadai gramu 28 mbele. Basi balsa ngumu iwe ya zile fito nne ndefu za pembeni, ya wastani iwe ya mataruma ya mbele, na nyepesi kuliko zote ianzie nyuma ya mabawa. Kitanda cha betri kiwe cha kusogezwa mbele na nyuma, ili betri yenyewe ifanye kazi ya risasi.

Naweza kutumia mninga mahali pa balsa?

Hapana. Mninga ni wa milango na vitanda.

Nilipokutanisha pande mbili mkiani, kiwiliwili kilipinda kama ndizi. Ramani ina kosa?

Mara nyingi ramani haina kosa. Fito zako za kushoto na kulia hazikutoka ubao mmoja: upande laini ulikubali kupinda, upande mgumu ukakataa. Kata fito zote nne kutoka ubao mmoja, zipinde kwa vidole, na uone kama zinalegea sawasawa. Jenga upande wa pili juu ya ule wa kwanza, ukitenganisha kwa karatasi ya nailoni. Kisha chora mstari wa katikati mezani na usimamishe mataruma juu yake.

Fundi ameniambia nipake epoksi ndani yote ili kisivunjike.

Usimsikilize. Epoksi ni ya ukuta wa plaiwudi unaobeba mota na ya mahali magurudumu yanaposhikiliwa. Kwingine gundi nyeupe ya seremala inatosha, ikifutwa pale inapofurika. Desturi ya kupaka ndani ilitokana na injini za mafuta, zilizotikisa kiwiliwili na kulowesha mbao. Mota ya umeme haimwagi mafuta, na mtikisiko wake ni mdogo.

Betri inatoka ikiwa ya moto sana.

Umetoboa tundu la kuingizia hewa, ukasahau la kutokea. Litoboe nyuma ya betri, liwe kubwa angalau mara mbili ya lile la mbele.

Betri ya lipo imevimba. Nimeshauriwa niitoboe kwa sindano gesi itoke.

Usiitoboe! Inaweza kuwaka mkononi mwako. Usiichaji tena. Iweke nje, kwenye chombo kisichoungua, mbali na nyumba, kisha uipeleke wanapopokea betri mbovu. Aliyekushauri hivyo anahatarisha maisha ya watu.

Milia ya pundamilia nipake tabaka ngapi za rangi?

Moja, nyembamba, kwa kupuliza. Milia inafika mpaka mkiani, na rangi nayo ina uzito: hesabu ya 10 kwa 28 inakungoja hukohuko. Pima mkia kabla ya kupaka na baada ya kupaka.

Michael Grzimek alifia ndani ya ndege hiyo tarehe 10 Januari 1959, baada ya kugongana na tumbusi, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Kila ninapoletewa mfano wa ndege yake uliolemewa na risasi hata hauwezi kuondoka chini, naumia. Mizani ya jikoni ingeuokoa kabla ubao wa kwanza haujakatwa.