Maji yanapotea, moshi mweupe unatoka: tuchunguze kilase ya kamyo yetu



Katika karatasi hii tunazoeaga kuongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya viazi. Leo tunaongea juu ya motere. Sisi si mekanisye, lakini kabichi zilizooza ndani ya kamyo njiani zinatuhusu sawa na zile zilizoozea shambani.

Kamyo moja ya zamani, inayoshusha mavuno toka Masereka mpaka Butembo, ilibadilishwa juwe ya kilase katika garaji moja hapa Kimemi. Wanachama walichanga franka, kazi ikalipwa. Baada ya juma tatu maji yakaanza kupotea tena. Shofere akasema juwe ni ya bandia. Mekanisye akasema shofere amechemsha motere. Mwishowe tulifungua pamoja, na juwe yenyewe haikuwa na kosa.

Kilase ni kile chuma kizito kinachofunika silinda. Juwe inakaa kati ya kilase na bloki, na buloni ndizo zinazobana vyote pamoja. Juwe inapaswa kutenganisha vitu vitatu: moto wa silinda, maji na mafuta. Buloni zikilegea hata kidogo, moto unapata njia.

Namna ya kutambua. Asubuhi, motere ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha radiatere, jaza maji, halafu washa. Povu likitoka bila kukoma hata kabla maji hayajapata moto, ni hewa ya silinda inayoingia ndani ya maji. Angalia pia tiyo ya juu ya radiatere: ikiwa ngumu kama mpira wa miguu dakika chache tu baada ya kuwasha, ni alama ileile. Vuta kijiti cha mafuta: mafuta yakiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameingia. Moshi mweupe wa asubuhi peke yake usikutie hofu, juu ya baridi yetu. Ule unaoendelea hata motere ikishapata moto ndio mubaya.

Lakini kabla ya kufungua motere, angalieni kifuniko cha radiatere. Hapa Butembo tuko juu, karibu metre 1,750, na maji ya wazi yanachemka kwa digri kama 94, si 100. Kifuniko kizima kinafunga pressioni ndani ili maji yasichemke mapema. Kamyo nyingi tunazoona zimefungwa na kitambaa ao mfuko wa plastike. Motere ya namna hiyo itachemka kwenye kila mpando, na kilase itajikunja. Na ikichemka, papa shofere, usimwage maji ya baridi mara moja: chuma cha moto kinapasuka. Ngoja.

Sasa turudi kwa ile kamyo. Mashimo ya buloni kwenye bloki yake hayatokei upande wa pili, yana mwisho. Wakati wa kutoa kilase, maji na mafuta viliingia humo, na hakuna aliyevitoa. Maji hayabanwi. Buloni ikishuka inafika juu ya maji, inakuwa ngumu mkononi, na mekanisye anafikiri imekaza. Kumbe kilase bado haijabanwa. Ukilazimisha, bloki yenyewe inaweza kupasuka. Dawa yake ni kitambaa kwenye waya, halafu kupuliza kila shimo kwa pompe ya kujazia mipira. Kazi ya nusu saa.

Uzi wa buloni nao usafishwe kutu. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako, karibu tisa juu ya kumi, inaishia katika kukwaruzana kwa chuma na chuma. Ile ndogo inayobaki ndiyo inabana. Kwa hiyo weka tone la mafuta ya motere kwenye uzi na chini ya kichwa cha buloni, si zaidi. Linganisha buloni zote zikiwa zimesimama pamoja: iliyo ndefu kuliko wenzake, ao nyembamba katikati, imevutika, itupwe. Weka pia rula ya chuma iliyonyooka juu ya kilase na juu ya bloki. Mwanga ukipita chini yake, kilase ipelekwe kusawazishwa. Hakuna juwe itakayoiponyesha. Silikoni nayo si dawa, hata kama tunaiona kila mahali.

Kukaza kunaanzia buloni za katikati kuelekea pembeni, kwa mizunguko mitatu: kwanza sehemu ya tatu ya nguvu, halafu mbili, halafu yote. Nguvu yenyewe inasomwa katika kitabu cha motere ile. Vitabu vya zamani vinaandika kilo-metre. Moja ni karibu Newton-metre 10.

Garaji nyingi hazina ufunguo wa kupimia. Lakini koperative iko na mizani ya kutundika, ile ya kahawa! Funga bomba imara kwenye ufunguo, pima metre 1 kamili toka katikati ya buloni, tia ndoano ya mizani pale, uvute polepole, kamba ikifanya kona mraba na bomba. Mizani ikisoma kilo 12, umekaza kilo-metre 12. Ukivuta kwenye sentimetre 50, itabidi isome 24. Tulifanya hivyo, na mama mtunza-depo hakutoka pale mpaka mizani yake irudishwe.

Kwa motere hizi za zamani, baada ya kuwasha mpaka ipate moto, uiache ilale usiku mzima, halafu ukaze tena: legeza buloni moja kidogo, irudishe kwenye nguvu yake, ndipo uende kwa nyingine. Usilegeze mbili pamoja. Kisha rekebisha supapu, juu ya kilase imeshuka kidogo. Motere mpya zinazokazwa kwa digri hazirudiwi hivyo, fuata kitabu chake.

Ile kamyo ilifungwa na juwe mpya, buloni mbili zikabadilishwa. Mekanisye ni yuleyule. Hakudai malipo ya kazi mara ya pili, na juwe alilipa nusu; nusu ingine ilitoka katika sanduku la koperative, baada ya mkutano mrefu.