Zege, Nondo na Amana: Maswali Tunayoulizana Kuhusu Maghorofa



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wa kiume na wa kike, somo la toleo hili huenda likawashangaza. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uhandisi. Lakini hapa Ggaba, ukitoka hosteli kwenda sokoni au ukishuka kuelekea ziwani, hukosi kupita kando ya jengo linaloongezwa ghorofa. Tulipofika mlango wa dhamana katika darsa yetu ya fiqhi, yaani nani hulipa kitu kikiharibika au mtu akidhurika, maswali yaliacha ngamia na visima yakahamia kwenye zege. Niliyaandika, nikawapelekea wenzetu wanaosoma uhandisi wa majengo pamoja na mhandisi mmoja aliyesajiliwa. Maelezo ya kiufundi hapa chini ni yao. Kuyaunganisha na fiqhi ndiyo kazi niliyoifanya mimi.

Swali la 1: Mhandisi anafanya nini ambacho akitekti hakufanya?

Akitekti hupanga vyumba, ngazi, madirisha na sura ya jengo. Mhandisi wa muundo hufanya kazi mbili juu ya mchoro huo. Ya kwanza ni kuchanganua: kuna mizigo gani, na inapita njia gani mpaka ifike ardhini? Sakafu hukabidhi boriti, boriti hukabidhi nguzo, nguzo hukabidhi msingi, na msingi hukabidhi udongo. Ya pili ni kusanifu: kila kiungo kiwe na ukubwa gani, kiwekewe nondo ngapi, za unene gani, na zikae wapi.

Wanafunzi wa sharia tunaujua utaratibu huu. Mufti hatoi hukumu ya jambo kabla ya kulifahamu jambo lenyewe. Vivyo hivyo, anayeanza kukata nondo kabla ya kujua mzigo anatoa fatwa bila kusikiliza swali.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 5 chenye sakafu ya zege ya unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita 3 za ujazo. Zege lenye nondo lina uzito wa karibu tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo sakafu ya chumba kimoja ina tani 7.5 kabla hakijaingia kitanda wala mtu. Kuta, plasta na vigae bado. Watu na vyombo vyao huhesabiwa kando kwa sababu huja na kuondoka, ilhali uzito wa jengo lenyewe haupungui usiku wala mchana.

Swali la 2: Kwa nini nondo huwekwa chini mahali pengine na juu mahali pengine?

Zege ni hodari kwa kukandamizwa lakini ni dhaifu likivutwa. Uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi ya uwezo wake wa kukandamizwa. Chuma ndicho kinachobeba mvuto, kwa hiyo lazima kikae pale mvuto ulipo.

Hebu fikiri ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, mtu akakaa katikati. Ubao unabonyea: upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutika. Ndiyo maana katikati ya boriti nondo kuu huwekwa chini. Boriti inapopita juu ya nguzo na kuendelea mbele, mambo hugeuka, na mvuto huwa juu. Baraza linalochomoza nje bila nguzo mbele yake huning'inia, kwa hiyo nondo zake kuu zote huwa upande wa juu.

Hapa ndipo hatari ya kila siku ilipo. Siku ya kumwaga zege vibarua hupita na ndoo wakikanyaga nondo za juu za baraza, zikazama mpaka chini. Zege likishamwagwa hakuna anayeona tofauti. Nondo zimo, zimelipiwa, lakini baraza halina kinachoishika.

Swali la 3: Fundi akiongeza maji ili zege limwagike kirahisi, kuna ubaya gani?

Ubaya ni mkubwa. Saruji inahitaji maji kiasi ili ishike, na yanayozidi huacha vitundu yakikauka. Kipimo kinachotumika sana ni maji nusu ya uzito wa saruji, yaani mfuko wa kilo 50 kwa lita 25 hivi, ukihesabu na unyevu uliomo mchangani. Bomba likiachwa wazi kwenye mchanganyiko, nguvu inapungua hata kama saruji haikuibwa hata kijiko. Mchanga wenye udongo na takataka nao huizuia saruji kushikamana na kokoto.

Kisha kuna subira. Zege halikauki kama nguo. Hukomaa, na kwa kukomaa linahitaji unyevu. Ndiyo sababu humwagiliwa maji kwa siku 7 angalau. Nguvu inayotumika katika hesabu ni ya siku ya 28, na ya siku ya 7 huwa kama theluthi mbili yake. Anayeng'oa mirunda mapema ili aipeleke kwenye kazi nyingine analitwisha zege mzigo ambao halijaufikia umri wake.

Swali la 4: Nondo ikiwa nyembamba kidogo, si tofauti ndogo tu?

Tupige hesabu. Umelipia nondo ya milimita 12, ukaipima ukakuta 10.5. Jicho linasema tofauti ni milimita moja na nusu. Lakini nguvu ya nondo inafuata eneo lake, na eneo linafuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe: 10.5 mara 10.5 ni karibu 110, na 12 mara 12 ni 144. Umepata robo tatu ya chuma na ushei. Takriban asilimia 23 imebaki kwa muuzaji.

Qur'ani ina sura nzima iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin. Na tunajua kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta mbichi chini na kavu juu, akamkemea vikali mwenye nalo. Rundo lile mnunuzi angeweza kulifunua. Nguzo iliyokwisha pigwa plasta haifunuki, na anayelala chini yake siye aliyeinunua.

Swali la 5: Wahandisi huweka ziada ya usalama. Basi ghorofa moja zaidi si ingeingia humo?

Hili ndilo swali lililozua mjadala kuliko yote, na linanigusa. Kuna msikiti mmoja wa mtaa, sitautaja, ambao ukumbi wake ulijengwa kwa kuta za matofali na paa la mabati. Kamati inakusanya michango ili juu yake imwagwe sakafu ya zege iwe mahali pa kuswalia wanawake. Mimi ni mmoja wa watakaoswali huko juu.

Ukumbi una mita 10 kwa 8. Mabati na mbao zake hayafiki tani 3. Sakafu ya sentimita 15 peke yake, bila boriti, ni tani 30. Waswalina nao huhesabiwa kwa uzito mkubwa kuliko wakazi wa nyumba. Kanuni za Kiingereza zilizozoeleka hukadiria karibu kilo 150 kwa kila mita ya mraba ya nyumba ya kuishi, lakini karibu kilo 500 kwa ukumbi wa watu usio na viti vya kudumu, kwa kuwa watu wanaweza kujaa bega kwa bega. Kwa mita 80 za mraba hiyo ni tani 40. Kuta zilizokuwa zikibeba tani 3 zinaombwa zibebe zaidi ya 70.

Na ile ziada? Kanuni ya BS 8110, iliyotumika miaka mingi Afrika Mashariki, huzidisha uzito wa jengo kwa 1.4 na mzigo wa watu na vyombo kwa 1.6. Ziada hiyo tayari ina kazi. Inafidia zege litakalotoka hafifu kidogo, nguzo itakayopinda kidogo, na siku ya Idi ambayo watu watazidi. Ni kama akiba ya yatima: ipo, lakini si yako kuitumia. Tena hata ukiitumia yote, 1.4 haiwezi kugeuza tani 3 kuwa 70.

Mhandisi tuliyemuuliza hakusema haiwezekani. Alisema msingi ufukuliwe uonekane, udongo upimwe, na sakafu mpya isimame juu ya nguzo zake zenye misingi yake, si juu ya kuta za zamani. Karibu na ziwa na mabonde kama hapa kwetu, udongo wa kiwanja kimoja hauwezi kukupa jibu la kiwanja cha jirani. Mzee mmoja alijibu kwamba nyumba ya Allah ina ulinzi wake. Kwa heshima yote, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee. Mpaka naandika haya kamati haijaamua.

Swali la 6: Jengo likianguka, si ni qadar? Nani wa kuulizwa?

Kila kitu ni kwa qadar ya Allah, na pamoja na hilo fiqhi imeweka milango ya dhamana. Wanavyuoni waliandika kwa urefu kuhusu ukuta ulioinama. Kwa Mashafi'i, ambao wengi wetu Afrika Mashariki tunawafuata, aliyejenga ukuta ukiwa umeinamia barabara anawajibika ukiua au kuharibu. Kama ulijengwa wima kisha ukainama, wametofautiana. Kwa Mahanafi, mwenye ukuta wa namna hii ya pili anawajibika akishaonywa na kupewa muda wa kuubomoa asifanye. Hukumu hiyo iliingizwa katika Majalla, sheria ya dola ya Uthmaniya iliyokamilika mwaka 1876.

Tazama sasa Nairobi. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita mtaani Huruma liliporomoka na kuua watu zaidi ya 50. Lilikuwa limekwisha tajwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa, lakini wapangaji waliendelea kuishi humo. Onyo lilitolewa, muda ukapita, ukuta ukaangukia watu. Faqihi wa Kihanafi wa zamani angeitambua kesi hiyo mara moja. Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji lilianguka na kuua zaidi ya 30. Hapa Uganda, mwaka 2004, hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, iliwaangukia wafanyakazi.

Kuna pia hadithi isemayo kwamba mtu anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara yake. Qiyasi kwa anayesanifu maghorofa bila elimu haihitaji safari ndefu. Na elimu yenyewe imeheshimiwa tangu zamani: Tunis ya karne ya 14, Ibn al-Rami, fundi mwashi, alitumiwa na makadhi kukagua majengo yenye mzozo, kisha akaandika kitabu cha hukumu za ujenzi. Kadhi alimwita fundi kabla ya kuhukumu. Leo Uganda tuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, bodi ya kusajili wahandisi, na vibali vya kujenga na vya kukalia jengo. Kuvifuata ni katika kuhifadhi nafsi, moja ya makusudio matano ya sharia.

Swali la 7: Sisi wapangaji tusio na mamlaka tufanye nini?

Tuangalie na tuseme. Nyufa nyembamba za plasta mara nyingi si kitu. Ufa wa mshazari kwenye boriti karibu na nguzo, ufa unaopanuka wiki hadi wiki, sakafu inayobonyea, milango iliyoanza kukwama bila sababu, au nondo zenye kutu zilizochungulia nje ya zege ni dalili za kumwita mhandisi. Tazama pia juu ya paa: tenki la lita 10,000 likijaa ni tani 10, na lazima kuwe na mtu aliyelipigia hesabu. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha ya ufa, piga picha, mwandikie mwenye nyumba, na upeleke taarifa kwa mamlaka ya mji. Barua yenye tarehe ndilo lile onyo walilolitaja mafaqihi. Na dalili zikizidi, ondoka kwanza, kodi idaiwe baadaye.

Ya kujadili katika halaqa

1. Mtu akichangia sakafu ya msikiti kisha mhandisi akaikataa, je, kamati inaweza kuhamishia mchango kwenye msingi bila kumrudia mchangiaji?
2. Fundi akiamrishwa na mwenye jengo apunguze nondo akatii, dhamana ni ya nani?
3. Mpangaji anayejua hatari akanyamaza, ana fungu gani la dhambi?

Tunamuomba Allah (s.w.) azihifadhi nyumba zetu na misikiti yetu, awarehemu waliofia chini ya vifusi, na awape wajenzi wetu elimu na uaminifu. Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiq.