Kiangazi cha Ulaya na Nguo za Msafiri wa Pwani

Neno "kiangazi" limewaponza wasafiri wengi wa pwani yetu. Mtu wa Malindi au Kilifi alisikiapo hukumbuka miezi ya kaskazi, Januari na Februari: jua launguza mchanga, mvua hakuna, na usiku joto halipungui ila kidogo. Basi aalikwapo Ulaya wakati wa kiangazi, hutia mkobani mashati mepesi na kandambili, akidhani aenda mahali kama kwao. Lakini kiangazi cha Ulaya ni miezi ya Juni, Julai na Agosti, yaani wakati ule ule ambapo kwetu ni kipupwe na upepo wa kusi wavuma. Na tabia yake ni nyingine kabisa.

Safari yenyewe si ngeni kwa watu wa huku. Mwezi wa Januari 1499, Vasco da Gama alipopita Malindi akirudi kwao kutoka Bara Hindi, mfalme wa Malindi alimpa pembe ya ndovu iwe zawadi kwa mfalme wa Ureno, akamtuma pia kijana mmoja aliyetaka kuiona nchi hiyo. Merikebu ya kwanza ya msafara ule ilifika Ureno mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi. Siku hizi waendao ni wengi: wanafunzi, wafanya biashara, na wenye jamaa huko. Wengine huenda Italia, kwa kuwa urafiki na nchi hiyo ni wa tangu Wataliani walipojenga kituo chao cha roketi huko Ngomeni katika miaka ya 1960.

Na tutazame hesabu ya joto. Mwezi wa Julai, mchana wa Malindi hufika kama digrii 28, na usiku hushuka hadi 23 hivi. Tofauti ni digrii tano tu. Roma mchana hupita digrii 30, na usiku huwa karibu na 19. London mchana ni kama 23 na usiku 14. Edinburgh mchana ni 19 na usiku 11. Kwa hiyo taabu ya msafiri si baridi peke yake wala joto peke yake, bali ni kule kubadilika. Aweza kutoka saa moja asubuhi akitetemeka, saa nane mchana akatokwa na jasho, na usiku akatetemeka tena. Tena mchana wa huko ni mrefu: mwezi wa Juni, London, jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wala halitui mpaka baada ya saa tatu usiku. Mtu hukaa nje muda mrefu, mbali na sanduku lake la nguo.

Wengine, wakisha kuonywa habari ya baridi, huenda sokoni Kongowea wakanunua koti zito la theluji. (Makoti hayo yalikuja kwetu kutoka Ulaya kama mitumba, msafiri huyarudisha kwao kwa nauli yake mwenyewe!) Koti la namna hiyo halina kazi mwezi wa Julai. Mchana halivaliki, nalo hula nafasi ya nguo nyingine zote. Lililo bora ni kuvaa nguo nyembamba moja juu ya nyingine: fulana ya pamba ndani, shati juu yake, kisha sweta jepesi la sufi, na mwisho koti jembamba lisilopenya maji. Hewa inayokaa kati ya nguo na nguo ndiyo izuiayo joto la mwili lisitoke. Na jua likipanda, mtu huvua moja moja. Koti la mvua lisisahauliwe, kwa maana kiangazi cha huko hakina maana ya ukame. Viatu viwe vya kufunga, vilivyokwisha kuzoewa na mguu, kwani huko watu hutembea sana.

Siku nyingine joto huzidi hata la kwetu. Tarehe 19 Julai 2022, huko Coningsby katika Uingereza, lilifika digrii 40.3, na nyumba nyingi za huko zilijengwa ili kutunza joto, hazina hata pangaboi. Siku kama hizo shati la pamba au la kitani, na kikoi cha kulalia, vitamfaa mtu kuliko nguo za nailoni.

Sasa kuna kosa moja ambalo ni letu hasa sisi tukaao karibu na wageni. Tumewaona Wazungu wakitembea Watamu na Malindi vifua wazi, nasi twadhani ndivyo wavaavyo kwao. Sivyo. Wale wako mapumzikoni. Katika mji wa Sorrento, Italia, tangu 2022 atembeaye mjini kifua wazi au kwa nguo za kuogelea aweza kutozwa faini. Katika kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani, mabega na magoti hayana budi kufunikwa, au mtu hurudishwa mlangoni. Leso moja katika mkoba humwokoa mama na aibu hiyo. Tena ni shuka ndani ya ndege na ni mtandio upepo uvumapo.

Kwa akina mama wavaao nikabu liko jambo zito zaidi. Ufaransa ilikataza kufunika uso hadharani kwa sheria iliyoanza kutumika Aprili 2011, na Ubelgiji mwaka huo huo. Zikafuata Austria 2017, Denmark 2018, na Uswisi Januari 2025. Sheria hizo zahusu uso. Ushungi na buibui havikukatazwa njiani. Mama asiyekubali kufunua uso wake yafaa aamue pamoja na jamaa zake kabla ya kununua tiketi, achague nchi isiyo na katazo hilo, kuliko kusimamishwa na polisi katika mji asioujua lugha yake.

Mapambo nayo yaangaliwe. Pembe ile ya mwaka 1499 ilipokewa kwa heshima, bali leo hata bangili ya pembe ya ndovu au ya gamba la ng'amba yaweza kunyang'anywa forodhani, na mwenyewe akashitakiwa.

Sweta na soksi vikae katika mkoba wa mkononi, maana ndani ya ndege kuna baridi. Apitiaye Nairobi mwezi wa Julai atakuta usiku wa digrii 12 hivi, ambao ni sawa na usiku wa Edinburgh. Na avae hapo nguo zake zote za safari, atoke nje kidogo. Akiona bado atetemeka, sweta la pili lapatikana Gikomba kwa bei ndogo kuliko London.